Mgongo wa Kocha

Kocha wetu wa mpira wa kikapu hapa Mbale tunamjua zaidi kwa mgongo. Timu yake ya askari wanawake ikipata mtupo wa adhabu, yeye hugeukia ukuta, hufumba macho na kuminya filimbi kama anakamua chungwa. Enzi zake za shule, huko Jinja, aliutazama mtupo wake mwenyewe, ukakosa, wakafungwa. Tangu hapo, miaka ishirini na mbili, anaamini jicho lake lina mkosi. Na huyu mtu amesomea fizikia!

Mwaka tisini na sita tulikuwa fainali, uwanja wa Walukuba, kule kule Jinja. Tuko nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, mchezaji wetu Shamim ana mtupo mmoja wa adhabu. Akikosa, kombe linabaki Jinja. Akakataa kupokea mpira kwa refa.

“Afande, geuka.”

“Rusha, binti!” kocha akauambia ukuta.

“Sirushi. Miaka sita nakurushia, hujaniona hata siku moja!”

“Bwana kocha,” mashabiki wa Jinja wakapiga kelele, “itika, mkeo anakuita!”

Akageuka, akafumbua jicho moja kwanza, la pili likafuata kwa shingo upande. Shamim akarusha. Mpira ukazunguka chuma mara mbili, ukaangukia nje. Jinja wakavamia uwanja wakiimba, na katikati yao kocha wetu akirukaruka kuliko wote: “Si niliwaambia? Si niliwaambia?”

Shamim akamshika shati. “Lakini mkono wangu uliuona?”

“Niliuona, mwanangu. Mkono mzuri kabisa,” akasema, akipangusa jasho. “Wewe huna kosa hata kidogo.”