Saini Kutoka Juu ya Kichuguu

Kila Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa bosi wa watu wazima watatu. Tulikuwa na kibubu cha bitcoin cha familia: shangazi anayeuza mchele Kahama, mjomba fundi wa mashine hapa Geita, kaka yangu aliye kwenye mashimo ya dhahabu Nyarugusu, na mimi msimamizi wake, wa kidato cha tatu, niliyeachiwa chumba cha kaka mtaani Kalangalala pamoja na panya mmoja mwenye dharau.

Ndani ya kibubu tulitumiana hela bila kila malipo kupita kwenye daftari kuu la bitcoin, basi makato yakawa kiduchu. Sharti lilikuwa moja: kila wiki wote tuwe hewani pamoja kwenye simu ya kikundi, kila mtu atie saini kwa simu yake. Akikosa mmoja, wote tumekwama. Akikosa mara tatu mfululizo, anarudishiwa fungu lake na kutolewa.

Kaka alikuwa amekosa mara mbili. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu, tena dakika mbili tu. Nikamtetea: "Yuko chini anaitongoza dhahabu, bado inaringa."

Mjomba hakucheka. "Leo ndiyo mwisho, we mtoto."

Mimi hela wala sikuiwaza. Sauti ya kaka niliisikia Jumamosi tu. Akitolewa, atapanda kichuguu kufuata nini?

Mara akaingia, sauti inakatikakatika.

"Saini kwanza!" nikapiga kelele.

"Dogo, huna adabu. Nianze na saini, wakubwa wapo? Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Mwadila!" shangazi akaongeza salamu ya Kisukuma. "Kifua kimepona? Unakula? Mvua imefika huko?"

Akajibu moja baada ya jingine, taratibu, kama tulivyolelewa Usukumani. Kifua kimepona. Anakula. Mvua bado.

"Kaka, saini!"

"Subiri. Shikamoo mjo—"

Kimya. Tulingoja nusu saa.

"Marahaba," mjomba akaujibu ule ukimya. Kisha akasema, "Haya, mtoe."

Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Sikuwa nao. Nikabonyeza.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza upesi ajabu. Shangazi alisema kumbe kazi yenyewe ni nyepesi hivi, akakata. Jua lilikuwa bado kali. Nikapiga namba ya kaka. Yule dada wa mtandao akaniambia hapatikani, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikapiga tena.