Vitambaa vya Fahali Mmoja

Machinjioni walimwita Mzee Kitambaa. Kila mnyama aliyemchinja alimchania kitambaa cha rangi yake, akafunga kipande kichwani, kingine kwenye maini, kingine kwenye figo, ili mnunuzi ajue anachokula kimetoka kwa nani. Ndivyo ilivyofanywa kazi zamani, watu walipokuwa bado na haya. Siku hizi maini yote yanatupwa pipa moja kama viatu vya mitumba, na ukiuliza unaitwa mkorofi.

"Mzee, huyu dume umemshonea suti kabisa!" wachunaji wenzake walimtania.

"Na wewe ukifa nitakufunga kimoja, usije ukauzwa kama mbuzi."

Kitindamimba wake, msichana, alifanya kazi kwenye maabara ya chuo. Alikuwa akichunguza kimeng'enya kimoja, kile kinachounga uzi wa DNA unapokatika ndani ya chembe za mwili. Alimwomba baba yake viungo vya fahali mmoja: maini, moyo, ubongo na korodani. Mzee akafunga vitambaa, akajaza barafu, akavipeleka mwenyewe.

Baada ya siku chache binti akaja nyumbani, uso umemshuka.

"Baba, usinikasirikie. Zile korodani zilikuwa za fahali yuleyule?"

Mkono wa mzee ukasimama juu ya sahani. "Unasemaje?"

"Kimeng'enya chake kina umbo fupi ambalo maini hayana. Mkuu wangu anasema tuhakikishe kwanza. Huenda ni za mbuzi."

"Za mbuzi!" Akaisukuma sahani. Kuchekwa machinjioni alikuwa amekuzoea. Kutiliwa shaka na damu yake mwenyewe kulimchoma. "Mama, nimechinja tangu hujazaliwa, sijamchanganyia mtu nyama. Nianze na wewe? Kesho njoo usimame mbele yangu."

Binti alikuja, akasimama kati ya kulabu na buti za kuazima zikimpwaya. Mzee alimpasua fahali mwingine. Kila kiungo kilipotoka alikifunga kitambaa cha kijani hapohapo, kabla hakijaacha kiganja chake. Kisanduku alikibeba binti mwenyewe.

Majibu yalipotoka, alimwita baba yake maabara. Mzee alinawa mikono mlangoni, akanawa tena ndani. Binti akamwonyesha picha yenye mistari myeusi kwenye kioo cha kompyuta: kimeng'enya kirefu hukaa juu, kifupi hushuka chini.

"Maini haya. Moyo. Ubongo. Vyote mstari uko hapa juu. Sasa tazama korodani: wa juu upo, na chini yake kuna mwingine. Ni kama mara ya kwanza, Baba. Nisamehe."

"Na ni fahali mmoja?"

"Mmoja. Maagizo ya kukitengeneza ni yaleyale mwili mzima. Ila panapotengenezwa mbegu za uzazi, yananakiliwa mengine bila kipande cha mwisho, panawekwa kingine kifupi. Hapo kimeng'enya kinapata mkia tofauti."

"Nani anayeuambia mwili ukate hapo?"

"Hilo bado tunalitafuta."

Mzee alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Miaka yote alivishika viungo hivi vikiwa na joto, akivitambua hata kwa kufumba macho, akidhani ni yeye anayevitia alama.

"Na mimi niko hivi ndani?"

"Hivyohivyo, Baba."

Akaweka kiganja kifuani. Binti akaokota kile kitambaa cha kijani mezani.

"Hiki nikitupe?"

"Ukitupe?" Akampokonya. "Kuna fahali mwingine kesho."

Asubuhi, kisu mkononi, alisimama mbele ya fahali akimtazama mpaka foleni ya wanunuzi nyuma yake ikaanza kupiga kelele.