Jiwe la Mwimbaji wa Kwanza

Mara ya kwanza kumsikia mama yangu akiimba, alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Same, na dada mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa anapiga wimbo wa injili kwenye simu, wimbo wa zamani wenye mikwaruzo ya santuri. Akasema unazunguka kwenye magrupu, ni kwaya ya milimani kwetu, na anayeongoza ni binti aliyekuwa wa kwanza huko kurekodi nyimbo za dini. Nikamwambia ni mama yangu. Nikasaga mahindi yangu, nikarudi nyumbani. Nilitegemea nitalia, lakini wapi. Tangu tumzike nilikuwa na ganzi, na wimbo haukuiondoa.

Habari za santuri hiyo nilizijua kwa bibi. Watu wa redio walikuja Same na mashine ya kunasa sauti, kwaya ikateremka mlima kwa miguu, mama akaongoza. Baadaye akapata mimba yangu, bila ndoa, na kanisa likamtenga. Kwa asiyejua: jina lako linasomwa kwenye matangazo Jumapili, huimbi kwaya, hushiriki meza ya Bwana, na unakaa benchi la nyuma. Aliyelisoma jina la mama alikuwa mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, karani wa kanisa wakati huo.

Basi nilikulia benchi la nyuma. Naijua migongo ya kijiji kizima. Watu wakiimba, mama alifunga mdomo, na nikimuuliza alisema koo limekauka. Niliamini kanisa ndilo lililokataa kumrudisha. Nikawachukia, polepole, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Wimbo ulipovuma, wazee wa kanisa wakaamua kumwekea jiwe la kumbukumbu kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango. Mjomba, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa, akanipigia simu nije niseme machache kwa niaba ya familia. Nilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Nilikuwa nimekata shauri kuwaambia mbele ya mchungaji kwamba walimtenga mpaka akafa, na leo wanamwandika kwenye jiwe.

Siku yenyewe nilipanda bodaboda kutoka Ndungu, nikafikia kwa mjomba. Nikampa shikamoo, akanikaribisha makande, akanionyesha karatasi yenye maneno ya jiwe. Mwimbaji wa kwanza wa eneo hili kurekodi, na chini yake: alimtumikia Bwana kwa uimbaji. Nikamuuliza alimtumikia kwa muda gani, maana miye sikuwahi kumsikia hata Jumapili moja. Nikamuuliza pia kwa nini hawakumrudisha.

Aliweka kijiko chini. Akasema kila mwaka, Pasaka ikikaribia, mchungaji alikuwa anamtuma kwa dada yake. Kilichotakiwa ni asimame mbele ya usharika, aseme amekosa, aombe radhi, arudi kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Wasichana wengine walifanya hivyo na mambo yakaisha. Yeye alikataa kila mwaka.

"Nilimsihi, mwanangu," mjomba alisema. "Nikamwambia ni neno moja tu, liseme yaishe. Akanijibu, 'Nikisema nimekosa, mtoto anasikia. Atajua kosa ni yeye.'"

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya kesi ya kuku. Utani huo huwa nauchekea. Pale sikucheka, na sikulia pia. Niliendelea kula makande, maana sikujua la kufanya na mikono. Nakumbuka yalikuwa yamekosa chumvi. Miaka yote ile alikuwa ameketi nyuma na sauti ile kooni, kwa ajili yangu, na mimi nilidhani amefukuzwa.

Kanisani kulijaa. Kabla ya kutoka kwenda kwenye jiwe, mchungaji aliniita mbele. Nikasimama hapo hapo wanaposimama wanaotubu, na hotuba yangu yote ya kuwasuta ikawa haina kazi tena.

"Mama yangu hakukosa," nilisema. Sikuwa na jingine.

Watu wakapiga makofi. Wengi wao, nadhani, hawakujua nazungumzia kosa gani. Mjomba alijua. Aliinuka kwenye kiti chake cha wazee, akaja na fimbo yake mpaka akasimama ubavuni mwangu, akangoja makofi yaishe. Kisha, kwa sauti ile ya kusomea matangazo, akauambia usharika wote, "Nimekosa mimi."