Sauti Iliyobaki ya Magdaline

Asubuhi ambayo spika ilimletea Theuri sauti ya mwanamume badala ya sauti ya mkewe, alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti, vidole vimepakwa mafuta ya kukamulia. Alikuwa amesema yale maneno ya Kiingereza aliyofundishwa na bintiye, halafu jina la wimbo. Taa ndogo ya buluu ikazunguka pale juu ya ubao. Magdaline akaanza, "Mlango usifungwe, Bwana..." Hakufika mbali. Gitaa liliingia mbio kama mlevi anayesukuma mlango kwa bega, na kijana fulani akampokonya wimbo mdomoni:

"Mlango usifungwe, mama pima, bado niko njiani!"

Ng'ombe alirusha teke. Ndoo ikaenda na maziwa yake.

"Wewe ni nani?" Theuri akauliza. Aliiuliza mashine. Mashine iliendelea kuimba tu.

Theuri alikuwa mkulima wa viazi na njegere hapo Endarasha, upande ule ukungu wa milima ya Nyandarua hushuka na kukaa mpaka jua liufukuze. Shule hakuiona. Maneno yake yalikuwa machache tangu ujana, na alipooa hakuona haja ya kuyaongeza, kwa sababu Magdaline aliongea kwa niaba ya wawili. Magdaline ndiye aliyemlea yule ng'ombe, Njata, mwenye baka jeupe usoni, tangu akiwa ndama asiyeweza kusimama. Kila alfajiri alimkamua akimwimbia. Alikuwa mwanzilishi wa nyimbo katika kwaya ya akina mama kanisani, na wimbo wake mwenyewe, Mlango Usifungwe, aliutunga papo hapo zizini, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

Walipomzika, mwaka jana viazi vikiwa shambani, Njata alifunga maziwa. Theuri alikamua, hayakushuka. Jirani alikamua, akapigwa teke. Kiwele kilivimba, kikawa moto kama sufuria. Daktari wa mifugo alichoma sindano, akasema ng'ombe mzima, labda ana mawazo.

Siku hizo ndipo Theuri alianza kuogopa. Aliamka asubuhi moja, akajaribu kukumbuka jinsi Magdaline alivyokuwa akimwita chai ikiwa tayari. Uso wake aliuona. Leso aliiona. Sauti haikuja. Alikaa kitandani akiwa ameshika ukingo wa blanketi, mtu mzima aliyezika wazazi na ndugu, akitetemeka kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Hakumwambia mtu. Lakini Lynn, bintiye anayefanya kazi ya saluni mjini Nyeri, alikuja, akamwona alivyo, akapekua sanduku la mama mpaka akapata kanda moja. Miaka mingi nyuma kwaya ilimpeleka Magdaline studio kwa Gikonyo, Nyeri, akarekodi wimbo wake. Gikonyo alishakufa, mwanawe, Griffins, ndiye anayeendesha studio. Griffins alicheza ile kanda mara moja tu, akauingiza wimbo kwenye kompyuta, na mashine ikaitafuna kanda palepale kwa uzee. Baadaye umeme ukapotea, ukarudi na hasira, kompyuta nayo ikaungua.

"Usijali, Guka," Griffins alimwambia, akimwita babu kwa Kikuyu. "Nilikuwa nimeuweka mtandaoni. Huko hakuna kitu hupotea."

Lynn akaleta spika inayosikia mtu akiongea. Haikuhitaji kusoma wala kubonyeza. Akaifunga zizini. Siku ya kwanza Magdaline alipoimba humo ndani, Njata aligeuza masikio yote mawili, akapumua, na maziwa yakashuka. Theuri naye aliinamisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe asionekane.

Ndiyo sababu asubuhi ile ya gitaa hakungoja hata chai. Alivaa koti, akaenda Nyeri.

Griffins alikuwa akirekebisha nyaya. "Guka! Karibu. Kaa hapo kwa kiti, hiyo ingine imevunjika mguu."

"Mke wangu ako wapi?"

Griffins alitaka kucheka. Akamtazama usoni, akaacha.

"Ako, Guka. Lakini ako chini sana. Unajua Kahiga, huyu kijana wa Murang'a anaimba mugithi, zile za gitaa, kwa mabaa? Aliniuliza kama anaweza kuchukua kipande cha mama pale mwanzo. Nikaona ni heshima, nikamwambia sawa. Sikujua angeipeleka kwa mama pima, kwa muuza pombe. Sasa imelipuka. Kutoka Murang'a mpaka Nanyuki ni hiyo tu."

"Mimi niliitisha ya Magdaline."

"Uliitisha jina la wimbo. Mashine haijui wewe ni mtu wa kanisa. Inaangalia ile watu wengi wanaitisha, inakupatia. Na Kahiga ako namba moja kwa chati ya mugithi. Hata juzi nimeona ameingia kwa chati ya gospel."

"Na hiyo pombe?"

"Mashine ilisikia 'Bwana' hapo mwanzo, ikafikiri ni ibada." Griffins alicheka peke yake. "Hii kazi iko hivyo, Guka. Ya juu inapigwa kwa sababu iko juu. Na inakaa juu kwa sababu inapigwa. Wimbo usiopigwa, huo umezikwa."

Alisema hivyo kama mzaha wa kazi, akarudi kwa nyaya zake. Lakini Theuri alikuwa ameshazika mara moja. Neno lile alirudi nalo nyumbani jinsi lilivyo.

Jirani yake Phyllis, aliyeimba nyuma ya Magdaline kwenye kwaya miaka yote, alilipokea kwa moto. Alisimama kando ya ua, mikono kiunoni.

"Ati tushindwe na mlevi? Baba Lynn, hii ni kura tu. Wewe piga, mimi nipige, na wamama wote wa kanisa wapige. Tutaona huyo kijana atakimbilia wapi."

Lynn alikuja Jumapili, akaifundisha spika maneno mengine, ya kumleta mama mwenyewe na si Kahiga, na wimbo ukiisha uanze tena. Kisha akarudi kazini. Akina mama walipiga kwenye simu zao wakikumbuka, wakasahau, wakarudi kwa kazi za shamba. Theuri hakusahau. Theuri hakuizima.

Iliimba akikamua na akipalilia. Iliimba amelala. Mvua ilipopiga kwa upande aliifunika gunia. Umeme ulipokatika alikaa kando yake kama mtu anayekaa na mgonjwa, akiitazama ile taa iliyokufa, jasho likimtoka na baridi yote ya Endarasha, mpaka stima zirudi. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha hata kanisa, maana nani angeitunza?

"Kahiga anaimbia watu kwa centre," wakaanza kusema vijana wa bodaboda, "na mke wa Theuri anaimbia ng'ombe."

Lynn alipiga simu akiwa na furaha. "Baba, mama amepanda! Leo nimeitisha hiyo wimbo hapa saluni bila kusema ya nani, ikanipatia yake! Wateja wote wakanyamaza. Unaskia?"

"Nasikia," akasema Theuri.

Ungedhani angepumua. Hofu ilizidi. Mtu aliye chini hana pa kuanguka. Sasa Magdaline alikuwa juu, na aliyemshikilia huko ni yeye, mzee mmoja na spika yake. Akiachilia kidogo tu, ataanguka. Alianza kusikia wimbo hata pale alipokuwa mbali nao, kule mtoni, na alipokosa kuusikia alitupa jembe akakimbia.

Halafu kukatulia.

Alijua kabla hajafika zizini. Ndege walikuwa wakilia, jambo ambalo hakuwa amelisikia siku nyingi. Njata alikuwa amesimama, shingo imenyooka, akiitazama spika.

Theuri akasema maneno yake. Taa ikazunguka. Sauti ya mwanamke wa ndani ya mashine ikajibu kwa Kiingereza, kwa upole, kama muuguzi anayekwambia ungoje nje. Akayasema tena, polepole zaidi. Jibu likawa lilelile. Akasema mara nyingine, kwa sauti ya juu, na safari hii spika ikampigia kwaya ya watu asiowajua kabisa.

Simu ya Griffins ilikuja kabla ya saa sita.

"Guka, ulikuwa unaipiga aje hiyo wimbo?"

"Sikuwa naizima."

"Hata ukilala?"

"Hata nikilala."

Palisikika mtu akijaribu ngoma huko nyuma ya Griffins.

"Wameitoa, Guka. Wenye mtandao. Wanaona ni nyumba moja, spika moja, wimbo mmoja, hakuna kupumzika. Wanasema hakuna binadamu anasikiliza hivyo. Ati ni mashine inapigia mashine ndio wimbo upande kwa udanganyifu."

"Kulikuwa na ng'ombe."

"Najua."

"Na mimi nilikuwa. Waambie."

"Nimewaandikia nikawaambia yote. Anayejibu pia ni mashine, Guka."

Theuri aliishika simu kwa mikono miwili. Hakuuliza kuhusu kompyuta, alikumbuka imeungua. Hakuuliza kuhusu kanda. Aliona vizuri sana kilichotokea. Aliogopa wimbo usije ukazikwa, na jembe lilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Jioni Lynn alijaribu simu yake. Phyllis alijaribu yake, akaitikisa, akaipuliza kama radio ya zamani. Kote wimbo haukuwepo. Akina mama walikuja, wakaimba kiitikio chao uani, vizuri kabisa, na kila walipofika mahali pa mwanzilishi waliacha nafasi kwa mazoea. Katika zile nafasi Theuri alisikia upepo tu. Aliwashukuru, akaingia ndani, akafunga mlango.

Njata alifunga maziwa tena. Kiwele kikarudi kuwa moto. Usiku Theuri alijaribu kuiita ile sauti kichwani, ikaja ya Phyllis, ikaja ya mwanamke wa mashine. Alikaa wima mpaka jogoo.

Ni asubuhi hiyo, akiwa amesimama mbele ya ng'ombe bila ndoo, alipokumbuka gitaa. Kabla ya gitaa kulikuwa na kitu.

Alitafuta waya wa spika, akaufuata mpaka ukutani, akakishika kichwa chake kilichochomekwa. Akayasema maneno ya kwanza kabisa, yale ya kabla Lynn hajaifundisha mashine mengine, halafu jina la wimbo. Taa ya buluu ikazunguka. Ikazunguka.

"Mlango usifungwe, Bwana..."

Alichomoa.

Kahiga hakuingia. Zizi lilijaa ile sauti iliyokatika, Njata amegeuza masikio yote mawili, akingoja. Theuri naye alingoja. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo wa kumalizia. Aliitazama spika kwanza ahakikishe imekufa kabisa, maana aliogopa isije ikamsikia na yeye, ikampeleka huko ilikompeleka Magdaline. Kisha akafungua kinywa. Maisha yake yote hakuwahi kuimba hata kanisani.

"...bado niko njiani."

Ilitoka ikikwaruza kama mlango wa ghala. Njata akapepesa macho. Theuri akachomeka, akaita, akamsikia Magdaline, akachomoa, akamalizia. Akarudia. Mara ya ngapi hajui, ng'ombe alipumua, na alipokwenda kuchuchumaa maziwa yalikuwa yameanza kudondoka yenyewe.

Tangu siku hiyo ndivyo wanavyokamua hapo kwa Theuri. Njia yenyewe ni ndefu, na maziwa hufika kwa pikipiki ya dairy yakiwa yamechelewa.

Phyllis alimfumania wiki iliyofuata. Alikuja kuazima uma wa samadi, akasikia mwanzo wa wimbo wa baa ukitoka zizini kwa mzee wa kanisa, ukikatika, ukirudi.

"Baba Lynn! Hata wewe?" Alisimama mlangoni, mkono mdomoni. "Hiyo takataka? Baada ya yote?"

Theuri alimwonyesha kidole: ngoja. Akachomeka, akaita. Magdaline akaimba maneno yake matatu. Akachomoa.

Phyllis alishika nguzo. Akajipangusa uso kwa pindo la leso.

"Ni yeye," akasema. "Jamani, ni yeye." Kisha, kwa sababu ni Phyllis, akajikaza. "Lakini usijali. Huyo Kahiga siku zake zimeisha. Nasikia kuna kijana wa Nanyuki ametoa ingine, yote ni matusi, na ndiyo watoto wanaitisha sasa. Kahiga anashuka. Tumekuwa tukiomba hivyo kwa chama cha wamama, ashuke mpaka asahaulike."

Mikono ya Theuri ilisimama juu ya kiwele.

"Msiombe hivyo."

"Ati nini?"

"Msiombe ashuke. Akishuka, anashuka na Magdaline." Aliinuka, akiegemea ng'ombe. Alimsogelea mpaka Phyllis akarudi nyuma hatua, kwa maana hakuwahi kumwona na macho kama yale. "Simu yako iko na chaji?"

"Iko."

"Piga wimbo wa Kahiga. Na wale wamama uwaambie wapige."

"Wimbo wa mama pima? Wamama wa kanisa?"

"Wapige," akasema Theuri. Akatazama ile spika iliyokufa, akashusha sauti, akamnong'oneza kama mwizi anayemfundisha mwenzake. "Lakini uizime, Phyllis. Unaskia? Piga, uizime. Nenda ukapike. Ukae kidogo, kama mtu. Halafu upige tena."