Baraza la Makofi

Siku ile bado naiona kama ya jana, mwanangu, na hasira yake haijaniisha. Nimesikia umechaguliwa mwenyekiti wa mfereji hapa Ruaha Mbuyuni, na kamati yote umeijaza marafiki zako. Ukiulizwa unajibu, "Hata rais anachagua mawaziri wake." Nani kakudanganya?

Mimi niliyeishia darasa la nne, na leo malori yangu yanashusha vitunguu mpaka Mbeya, nilikalia kiti hicho hicho. Wanakamati wangu nikawaita mawaziri. Shemeji yangu, fundi cherehani, nikampa wizara ya maji! Mzee Kikoti, aliyeujua mto kuliko sisi wote, nikamtoa kwa sababu alizoea kunikosoa mbele za watu.

Asubuhi moja akaja kikaoni bila kualikwa, akasalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwenyekiti. Juu milimani Kilolo mvua imenyesha, maji ya mto yamegeuka rangi, mafuriko yanakuja. Fungeni lango la mfereji."

Nikamgeukia shemeji. "Waziri wa maji, unasemaje?"

"Kama unavyosema wewe, mheshimiwa."

Nikasema vitunguu vina kiu, lango libaki wazi. Wakapiga makofi, wajinga wale, na mimi mjinga wao mkuu. Saa sita mchana haijafika, mafuriko yamepita langoni, mashamba yote tope tupu. Mama Tumaini, mjane, alikuwa na jaruba moja tu. Aliingia topeni, akaanza kufukua vitunguu vyake kwa mikono. Afadhali angenitukana.

Aliyenisema ni Mzee Kikoti. Alikuwa hakosi taarifa ya habari redioni. "Hapa kwetu waziri lazima awe mbunge, na bungeni anaulizwa maswali. Kenya waziri si mbunge, lakini bunge linamhoji kwanza. Marekani seneti inaweza kulikataa jina. Uswisi mawaziri wako saba, urais wanapokezana. Kila nchi ina mpango wake, ila yupo wa kumwambia mkubwa hapana. Kwako ni nani, bwana mkubwa? Baraza ni mahali pa kusema. Wewe umekusanya makofi!"

Kesho yake nilimrudisha, mbele ya watu wote, tope bado liko miguuni.

Basi nawe, kabla maji hayajageuka rangi, mtoe rafiki mmoja, umweke yule anayekuudhi kwa ukweli wake. Na lango apewe anayeujua mto, si anayekujua wewe. Mungu akupe masikio, mwanangu, na vitunguu vyako vikauke juani, visiozee matopeni kama vyangu.