Bawa la Zambarau la Don Fulgencio

Mtaa wa Calvario haukuwa na mama aliyemzidi Hermelinda Xicay kwa ukali wa malezi. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na jina la marehemu mumewe alilitunza kama nguo ya harusi. Sheria ya nyumba yake ilikuwa moja: ukiharibu cha mtu, sema kabla hujaulizwa, kisha mfagilie mlango wake asubuhi tatu. Mwezi wa pili binti yake Odilia, mwenye miaka kumi, alivunja kwa mpira kioo cha dirisha la jirani yao, aliyeitwa kwa heshima don Fulgencio. Alifagia zote tatu huku wenzake wakimzomea, na mama mtu kasimama kando kuhakikisha hakuna pembe inayorukwa.

Ikafika Ijumaa Kuu. Tangu alfajiri mtaa mzima ulikuwa umepiga magoti barabarani, kila nyumba ikitandaza mbele yake zulia la unga wa mbao uliotiwa rangi, ili sanamu ya Bwana ipitishwe juu yake. La Hermelinda lilikuwa la zambarau lenye maua meupe. La don Fulgencio lilikuwa na ndege wa kijani, mkia wake mita tatu, na hata mahasidi walikiri kimoyomoyo kuwa ndilo bora.

Ngoma za maandamano zikasikika.

"Wako sokoni! Wako sokoni!"

"Maji jamani, tulowanishe unga! Upepo huu utatumaliza!"

Hermelinda akakimbilia bomba na ndoo yake. Kuzunguka kulikuwa mbali, naye alikuwa na haraka. Akapita kwenye ubao uliolazwa kukatiza zulia la jirani. Ubao ukayumba, na mguu wake ukatua katikati ya bawa la ndege. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Macho yote yalikuwa sokoni. Akaenda zake.

"Mungu wangu, nimekwisha!" Hermelinda aliporudi na maji, don Fulgencio alikuwa kashika kichwa. "Ndege wangu! Yuko wapi yule mvunja vioo?"

"Siyo mimi, don!" Odilia akaruka. "Naapa kwa baba!"

"Acha marehemu apumzike. Mtaa huu wote, nani mwingine ana miguu kama mbuzi?"

Watu wakacheka. Odilia akamgeukia mama yake amtetee. Macho yake yakashuka mpaka kwenye kiatu cheusi cha mama, ambacho ncha yake ilikuwa kijani kitupu. Akainamisha kichwa.

Ngoma zilikuwa zimekaribia, na Hermelinda bado alikuwa anapima. Aseme mbele ya mtaa mzima, jina la Xicay liwe kichekesho cha Pasaka? Lakini jina lenyewe lilikuwa limesimama pale mbele yake, limesukwa nywele mikia miwili, likikubali kubeba aibu isiyo yake.

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Mguu ndio huu, uangalieni!"

"Wewe? Doña Adabu mwenyewe?"

"Mimi. Utanitukana baadaye, don. Kijani kimebaki?"

"Hata chembe!"

Hermelinda akapiga magoti kwenye zulia lake, akachota kwa mikono miwili unga wa zambarau wa katikati kabisa, maua na yote.

"Bawa la zambarau? Umemwona wapi ndege wa hivyo?"

"Utamwona leo. Odilia, chekecha! Jirani, shika ubao!"

Watu sita wakaangukia bawa. Moshi wa ubani ukakunja kona, ngoma zikatikisa madirisha, na Odilia akanyunyiza kiganja cha mwisho huku mama akimvuta kwa sketi. Wabebaji wakapita. Punde ndege na maua vikawa vumbi moja chini ya miguu yao, kama ilivyo desturi.

Jumamosi, jua halijapanda, Odilia alimwamsha mama yake na kumkabidhi ufagio. Mtaa mzima ulitoka kutazama.

"Doña, umeruka pembe ile," don Fulgencio akasema, kaegemea dirisha lenye kioo kipya.

"Haruki, don, nipo hapa," akajibu Odilia kutoka kando. "Na bado asubuhi mbili."