Nilimwamkia Dubu, Akaitikia

Dubu wa Minnesota anaongea Kiswahili. Tena Kiswahili cha Iringa.

Cheka kwanza, nakusubiri.

Umemaliza? Haya, twende.

Ilikuwa kiangazi cha 1996. Asubuhi nasoma chuo Minneapolis, jioni nauza viatu kwenye lile jumba la maduka kule Bloomington. Na kulikuwa na binti anaitwa Haika. Mmachame, anasomea uuguzi, mdomo kama wembe.

Shangazi yangu wa Apple Valley alishanichimba mkwara.

"Huyo Haika unayemuimba kila siku, mlete nimwone. La sivyo nakutafutia mimi!"

Nikafikisha ujumbe. Haika akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Niende kwenu kama nani?"

"Kama... mgeni."

"Twende kempu kwanza, Damas. Nikuone ulivyo ukiwa mbali na bafu na kioo. Nikirudi mzima, nitakujibu."

Mtihani huo! Nikajimwambafai pale pale. Mimi mtoto wa Morogoro bwana, Mikumi ni pua na mdomo, simba nawajua mmoja mmoja kwa tabia.

Simba pekee niliyewahi kumwona alikuwa kwenye kalenda.

Mshikaji wangu Elihuruma, mwenye gari, akatupeleka kaskazini. Miti, ziwa, miti, ziwa, mpaka macho yakachoka. Pale getini askari wa hifadhi, mama mmoja mwenye kofia pana, akatupa somo la dubu.

Chakula hakilali ndani ya hema. Kinafungwa kwenye mfuko na kuning'inizwa juu ya mti, mbali na mnapolala. Mkitembea, pigeni kelele, maana dubu hapendi kushtukizwa. Na mkikutana naye, msikimbie!

"Kelele gani?" Elihuruma akauliza.

"Yoyote. Ajue tu kwamba unakuja."

"Aah, kumbe hodi!" nikasema. Elihuruma akacheka. Haika hakucheka, alikuwa anasikiliza kama yuko ibadani.

Tulipofika, Haika akakusanya vyakula vyote vikapande mtini.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivyo tu."

Muongo mkubwa. Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na dagaa wa Mwanza. Mama alinitumia kwa mkono wa mtu, wamevuka bahari, halafu niwatundike mtini kama soksi? Thubutu!

Asubuhi Haika akanituma maji ziwani. Nikashika ndoo, nikaingia kanjia ka vichakani, napayuka.

"Hodi! Hodi jamani! Wenyewe mpo?"

Kichakani sauti ikajibu:

"Karibu!"

Ndoo ikanitoka mkononi.

Kichaka kikatikisika. Akasimama dubu. Mweusi tii, kwa miguu miwili, pua juu, ananusa. Ananusa koti langu.

Sasa mtoto aliyelelewa vizuri, akikaribishwa na mtu mzima, anafanyaje?

"Shi... shikamoo."

"Marahaba. Usikimbie."

Aisee. Niliishiwa pozi zote.

"Umebeba chakula?"

"Da... dagaa."

"Usimrushie! Akionja chakula cha watu, kesho atakifuata kwenye hema lenye watoto."

Hata kwa woga ule nikawaza, dubu gani huyu anajisengenya mwenyewe?

"Nyoosha mikono, uonekane mkubwa. Rudi nyuma taratibu, huku unaongea naye."

"Niongee nini?"

"Chochote!"

Basi nikafunguka. Nikarudi nyuma kahatua kamoja kamoja, mikono juu kama natekwa, namsimulia dubu maisha yangu. Kwamba kuna binti anaitwa Haika. Kwamba nampenda mpaka viatu nauza vya mguu mmoja. Kwamba simba siwajui, nilidanganya. Kwamba shangazi anasubiri, sasa nikiliwa hapa nani atampeleka?

Dubu akanisikiliza. Akapiga chafya. Akashuka chini, akajiondokea zake, amechoshwa kabisa.

Kule nyuma ya kichaka akatokeza bibi wa Kizungu, mvi tupu, kopo la matunda ya porini mkononi, naye anahema.

"Naitwa Mama Alfred. Nilikuwa muuguzi Iringa nusu ya maisha yangu. Dubu alishanizibia njia, nikawa nimetulia tuli. Halafu wewe ukabisha hodi, mdomo ukajibu wenyewe!"

Kabla sijacheka, nikasikia kicheko nyuma yangu.

Haika. Ameniletea kifuniko cha ndoo nilichosahau.

"Endelea baba," akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ulikuwa umefika kwa shangazi."

Nilitamani dubu arudi.

Akanyoosha kiganja. "Dagaa." Nikampa. Akaenda akawafunga na vyakula vingine, akavuta kamba mwenyewe mpaka mfuko ukapanda juu kabisa. Ndipo akanigeukia.

"Jumapili nitakuja. Lakini hii habari nasimulia mimi, usinikatize."

Akaja. Akasimulia. Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamvuka, halafu akamwambia, "Huyu mchukue tu mwanangu, peke yake hataishi."

Kwa hiyo wewe unayekwenda kempu, sikiliza. Chakula juu ya mti, chote, hata kilichotoka kwa mama. Kelele njiani. Ukikutana naye usikimbie, wala usimlishe. Na ukiambiwa uongee, ongea ukweli, hujui nani yuko nyuma yako na kifuniko.

Watoto wetu wananijibu Kiingereza kwa kila kitu. Ila tukiingia msituni, utawasikia: "Hodi! Hodi!" Kiswahili safi kabisa.

Wa kwanza tulimwita Alfred.

Na Haika wangu, siku hizi, ndiye Mama Alfred.